Huduma za Fedha Kenya na Tanzania: Hesabu Inavyosomeka Golbanti

Mwaka 2006 watu wazima waliofikiwa na huduma rasmi za fedha nchini Kenya walikuwa asilimia 26.7, kwa hesabu ya utafiti wa FinAccess. Tanzania, inayopimwa na FinScope, ilikuwa bado asilimia 16 mwaka 2009. Pengo hilo lina historia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Tanzania ilitaifisha benki, na ni sheria ya 1991 iliyofungulia tena benki binafsi mlango. Kenya haikuwahi kuufunga, na pembeni mwa benki zikashamiri sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo, za walimu na wakulima.

Simu ndiyo iliyogeuza mambo. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Kufikia 2013 Tanzania ilikuwa imeruka hadi asilimia 58, na 2023 ikafika 76. Kenya ilisoma 84.8 mwaka 2024. Katika jambo moja Tanzania ilitangulia: kampuni zake zilianza mwaka 2014 kuruhusu wateja wa mitandao tofauti kutumiana pesa, Kenya ikafuata 2018.

Lakini asilimia hizo huwahesabu pamoja mwenye akaunti ya benki na mwenye laini ya simu tu. Tanzania, kati ya 2009 na 2017, huduma rasmi zilipanda kutoka 16 hadi 65, ilhali watumiaji wa benki walitoka 9 hadi takriban 17 pekee. Kilichoenea zaidi ni kutuma na kupokea. Mkopo ni habari nyingine.

Katika delta ya Mto Tana, nchini Kenya, tofauti hiyo kati ya kutuma pesa na kukopa ina uzito mkubwa. Golbanti na vijiji jirani ni vya wakulima Wapokomo, na malisho yanayozunguka hutumiwa na wafugaji Waorma. Mji wao wa biashara ni Garsen, takriban kilomita 110 kutoka Malindi. Hapa benki ya kila siku ni wakala wa pesa za simu. Ili afanye kazi anahitaji floti ya namna mbili: salio kwenye simu na noti mkononi. Ng'ombe wakiuzwa au ada za shule zikikaribia, moja huisha kabla ya nyingine, na kuijaza tena kunategemea barabara. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliikata barabara ya kwenda Lamu, na wakala asiye na noti hawezi kumlipa mtu hata kama simu inaonyesha pesa zipo.

Mikopo ya simu kama M-Shwari, iliyoanza 2012, hulipwa kwa siku 30. Muda huo unamfaa mchuuzi. Mwenye mpunga au miembe husubiri miezi. Mkopo mkubwa hudai dhamana, na ardhi nyingi ya delta ni ya jamii, haina hati ya mtu mmoja. Sheria ya Kenya ya 2017 imeruhusu mali inayohamishika, mifugo ikiwemo, kuwekwa dhamana, hatua inayomfaa mfugaji. Kwa Waislamu wanaoepuka riba, Gulf African Bank na First Community Bank zilifunguliwa 2008. Tanzania ilipata Amana Bank 2011.

Panapokosekana hayo, chama, kikundi cha watu wanaoweka akiba na kukopeshana, hubeba mzigo, kama kikoba kwa Watanzania. Tanzania iliviingiza vikundi hivyo katika sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, na Kenya ikapitisha sheria ya kusajili vikundi vya jamii mwaka 2022.