Treni ndogo inavimba ndani ya boksi: Kwa nini chasi za zinki huoza, na kipi bado unaweza kuokoa

Treni haijaguswa kwa zaidi ya miaka 10. Imekaa kabatini ndani ya boksi lake, hata risiti bado ipo. Siku mwenyewe anapoitoa amwoneshe mjukuu, magurudumu hayazunguki, bodi imepanda juu katikati kama mgongo wa paka, na ndani ya boksi kuna vipande vya kijivu vinavyomeguka kwa vidole kama biskuti.

Hakuna aliyeidondosha, wala haikuingia maji. Chuma kimejivunja chenyewe.

Tatizo hili linajulikana sana Uingereza, Ujerumani na Marekani, ambako watu wazima wanatumia pesa nyingi kukusanya treni ndogo za mfano, zile zinazotembea kwa umeme juu ya reli za mezani. Wajerumani wanaliita Zinkpest, yaani tauni ya zinki. Waingereza hulitaja kwa jina la metali yenyewe, Mazak, ambalo ni jina lao la kibiashara kwa kile ambacho kwingine huitwa Zamak.

Na jambo la kwanza ambalo mwenye treni anatakiwa kulijua halifurahishi: dawa hakuna. Chasi ikishaanza kuoza hairudi. Kinachobaki ni kuwahi kuokoa vilivyoizunguka.

Metali gani hiyo?

Chasi ni ule uti wa mgongo ulio chini ya kichwa cha treni. Ndiyo inayobeba mota, gia na ekseli, na juu yake ndipo bodi ya plastiki au ya bati inapokaa. Viwanda vingi huitengeneza kwa kuyeyusha zinki na kuisukuma kwa presha kwenye kalibu ya chuma. Inapoa haraka, inatoka na umbo safi, na kalibu moja inatoa maelfu ya vipande.

Zinki hiyo haiwi peke yake. Jina Zamak limetokana na herufi za maneno ya Kijerumani ya zinki, alumini, magnesi na shaba. Alumini ni kama asilimia 4, nyingine ni kidogo zaidi. Ni metali ya kawaida kabisa. Hata Afrika Mashariki imejaa: iko kwenye zipu, kwenye vitasa vya milango, na kwenye vile vigari vidogo vya kuchezea vya chuma.

Kwa treni ndogo ina faida nyingine, nayo ni uzito. Zinki hii ni nzito zaidi ya mara 6 kuliko plastiki ya ukubwa uleule. Kichwa cha treni kikiwa chepesi, magurudumu yanateleza tu kwenye reli na mabehewa hayavutwi. Kumbuka hili la uzito, maana linarudi baadaye.

Adui ni risasi kidogo tu

Risasi inayozungumziwa hapa ni metali, si ya bunduki. Ikiingia kwenye sufuria ya zinki iliyoyeyuka, haionekani. Shida inaanza zinki inapoganda. Zinki iliyoganda ni chembe ndogondogo zilizobanana, na risasi haiwezi kukaa ndani ya chembe hizo, kwa hiyo inasukumwa pembeni, kwenye mipaka kati ya chembe na chembe. Bati na kadimi nazo zina tabia hiyohiyo mbaya.

Halafu unaingia unyevu wa hewa. Kutu inaanza kwenye mipaka hiyo na kutembea kwenda ndani, si juu juu kama kutu ya bati la nyumba. Na kile kinachozalishwa na kutu kinachukua nafasi kubwa kuliko zinki iliyoliwa. Ndiyo maana chasi inavimba kwanza kabla ya kuvunjika. Fikiria ukuta wa matofali ambao saruji kati ya matofali inafura kidogo kidogo: tofali lenyewe ni zima, lakini ukuta unarefuka, unapinda, mwisho unaanguka.

Kiasi cha risasi kinachotosha kuleta balaa ni kidogo mno. Viwango vya leo vinataka isizidi takriban asilimia 0.005. Gramu 1 ndani ya kilo 20, hapo ndipo mpaka ulipo. Fundi mmoja akitupa kipande cha metali isiyofaa kwenye sufuria ili isiharibike bure, chasi zote za siku ile zina tarehe yao ya kufa.

Tatizo lilitambuliwa mwaka 1923. Miaka michache baadaye kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilifanikiwa kutengeneza zinki safi ya asilimia 99.99, na mwaka 1929 ikaleta aloi za Zamak. Kwa maneno mengine, suluhisho limejulikana kwa karibu miaka 100: tumia zinki safi, usichanganye na takataka. Bado watu wanakosea.

Si treni za babu tu

Wahanga wa zamani wanajulikana. Treni za Märklin na za Hornby Dublo za kabla ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na vigari vya Dinky vya kipindi hicho, zimepotea nyingi kwa njia hii. Kuna kitu cha kushangaza hapo: iliyotengenezwa miaka ya 1930 na bado ni nzima leo, bila ufa wala kupinda, ina nafasi kubwa ya kuendelea kuwa nzima. Ingekuwa na risasi nyingi, mara nyingi ingeshaonesha dalili zamani.

Wanaoshtuka zaidi ni walionunua treni mpya. Mfano unaotajwa sana Uingereza ni Class 31 ya Hornby ya katikati ya miaka ya 2000, kifani cha treni ya dizeli iliyojengwa na kampuni ya Brush kati ya 1957 na 1962. Baadhi ya chasi zake zimevimba na kupasuka. Si zote. Ni suala la mkupuo upi ulimiminwa siku gani, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuwa na treni moja, boksi moja, bei moja, na mmoja tu ndiye analia.

Hesabu ni hii. Class 31 halisi ina urefu wa mita 17.3. Ikipunguzwa kwa kipimo cha 1:76, kinachotumika Uingereza, inakuwa kama milimita 228. Chasi ikirefuka kwa asilimia 1 tu, hizo ni zaidi ya milimita 2. Kwa macho si kitu. Lakini bodi ya plastiki imetengenezwa ikae juu ya chasi bila nafasi ya ziada, na plastiki haivutiki. Itapinda au itapasuka kwenye ncha.

Boksi si salama kama linavyoonekana

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Silika ya mtu mwenye kitu cha thamani ni kukifunga, kukiweka na kutokigusa. Kwa treni yenye chasi mbovu, hiyo ndiyo njia ya kupoteza kila kitu, kwa sababu chasi inaendelea kuvimba gizani na kuvunja bodi ambayo yenyewe haikuwa na tatizo lolote.

Mwenye treni ya aina inayotiliwa shaka anatakiwa kuifungua angalau mara moja kwa mwaka. Dalili za mwanzo ni ndogo: nyufa nyembamba kama unywele, rangi iliyotoka malengelenge, ekseli iliyokuwa laini sasa inagoma, mota inanguruma lakini treni haiendi. Rula iliyonyooka ikiwekwa chini ya chasi inaonesha kupinda mapema kuliko jicho. Njia bora zaidi ni kupima urefu, kuuandika na tarehe, na kulinganisha mwaka unaofuata. Unga mweupe wa juu juu peke yake si ushahidi, kwani zinki nzima nayo hupata ukungu huo.

Dalili zikionekana, bodi inatoka siku hiyohiyo. Isisubiri wikendi ya mwezi ujao. Kisha vinafuata mota, gia, magurudumu, taa na saketi, kila kimoja kwenye mfuko wake, baada ya kupigwa picha ili baadaye ijulikane kipi kilikaa wapi.

Na kama bodi imeshabanwa haitoki? Watu wanavuta kwa nguvu, au wanaingiza bisibisi pembeni na kukandamiza. Plastiki ndiyo inayokatika, na bodi yenye rangi na maandishi ya kiwandani ndicho kitu kigumu zaidi kukipata tena. Kinachotakiwa ni kinyume chake: vunja chasi. Tayari imekufa. Inakatwa kutoka chini kwa msumeno mdogo au drili, kipande baada ya kipande, mpaka bodi iachie yenyewe. Mdomo na pua vifunikwe kwa barakoa, maana vumbi lile si la kuvuta.

Kuhusu supagluu na gundi ya epoksi: zinaweza kushika vipande kwa muda, pengine treni ikatembea miezi kadhaa. Kutu iko ndani na haijali gundi. Kupaka rangi au mafuta kwenye nyufa nako hakurudishi kitu.

Haiambukizi

Jina tauni limewatia watu hofu isiyo na sababu. Kuna wanaotenga treni mgonjwa mbali na nyingine kama vile ina kipindupindu. Chasi mbovu haiwezi kuiharibu chasi nzima iliyo karibu yake. Zikioza mbili kwenye kabati moja, ni kwa sababu zote zilizaliwa na risasi na zote zilikuwa kwenye unyevu uleule.

Unyevu na joto ndivyo vinavyoharakisha mambo, na Waingereza wengi wanaweka treni zao mahali pabaya kabisa: darini, ambako kiangazi panachoma na majira ya baridi panaganda, au kwenye banda la nje. Chumba cha kawaida ambacho joto halipandi na kushuka sana, chenye unyevu chini ya asilimia 50, ni bora zaidi. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja na boksi la viatu vinasaidia, mradi vibadilishwe au vikaushwe. Hata hivyo, ni kuchelewesha tu.

Chasi mpya inatoka wapi?

Kununua chasi nyingine ya kiwanda kilekile ndilo wazo la kwanza, na lina mtego. Spea hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye mkupuo uleule, ikakaa stoo muda uleule, ikaanza kupasuka miaka 2 baadaye. Hali kadhalika kununua treni ya pili iliyotumika ili kuitoa chasi. Kabla ya kulipa, muuzaji aombwe picha ya chini, bodi ikiwa imetolewa. Anayejibu kwamba haijawahi kufunguliwa, ipo kama ilivyotoka dukani, hajajibu swali.

Ndiyo maana wengi sasa wanakwenda kwa mafundi wadogo wanaochapa chasi kwa printa ya 3D, au wanaouza bati za brasi za kukunja na kuunganisha. Ya brasi ni kazi ya mikono iliyozoea, lakini ina uzito wake. Ile ya 3D inakaa vizuri na ni rahisi kufunga, ila ni plastiki, na hapo lile suala la uzito linarudi. Mwenye treni analazimika kujaza sehemu zilizo wazi kwa vipande vya risasi au tangsteni mpaka kichwa kivute tena mabehewa yake. Inachekesha kidogo: risasi iliyoua chasi ya kwanza ndiyo inayoipa ya pili nguvu. Ikiwa pembeni, nje ya zinki iliyoyeyuka, haina madhara kwa treni, ila mikono inawe baada ya kuishika.

Jambo moja zaidi ni la fundi wa umeme. Kwenye treni za zamani chasi yenyewe ni sehemu ya njia ya umeme kwenda kwenye mota. Ukiweka ya plastiki, njia hiyo imekatika, na waya mpya lazima uvutwe kutoka kwenye magurudumu. Bila hivyo treni iliyotengenezwa vizuri kabisa itakaa kimya kwenye reli.

Kwa wanaokusanya treni za miaka ya 1930, kubadilisha chasi kunagusa bei. Mnunuzi anayelipia uasili atataka kujua kipi ni cha kiwandani na kipi kimetengenezwa jana. Kwa hiyo karatasi ndogo ndani ya boksi, yenye tarehe na orodha ya vilivyobadilishwa, inakaa na treni inapouzwa, pamoja na mfuko wenye vipande vya chasi ya zamani kama bado vipo.