Tumbo Linalouma Bila Kidonda

Kijana wa shule hapa Musumba analalamika tumbo. Linamkaza, anakwenda chooni, linatulia. Baada ya siku chache linarudi. Anapewa Flagyl, dawa ya amiba, kisha Flagyl tena. Labo haioni amiba wala mayai ya kichocho, na watu wanaanza kusema anakwepa masomo. Hapana. Maumivu yake ni ya kweli.

Huenda ni ugonjwa wa utumbo nyeti. Madaktari huufikiria maumivu yanapokuja angalau siku 4 kwa mwezi, kwa miezi 2 au zaidi, pamoja na mabadiliko ya choo. Takriban mtu 1 kati ya 10 waliougua kuhara kwa maambukizi hubaki nao, ingawa vijidudu vimekwisha kuondoka. Kinachobaki ni mishipa ya fahamu iliyozoea kupiga kelele.

Mkubwa kati ya hiyo ni vagasi, unaopeleka habari za tumbo kwenye ubongo. Tawi lake dogo hufika sikioni, na hapo ndipo watafiti wa Milwaukee, Marekani, walipoanzia. Walibandika kifaa kidogo nyuma ya sikio, sindano nyembamba zikaingia kwenye ngozi ya sikio, umeme hafifu ukapita siku 5 kwa wiki, wiki 4. Matokeo ya mwaka 2017, kwa vijana 115, yalionyesha maumivu yakipungua zaidi kwa waliopata umeme kuliko kwa waliovishwa kifaa kisicho na umeme. Mwaka 2019 Marekani iliruhusu kifaa cha umeme kitumike kwa vijana.

Sasa watafiti hao wanachunguza kama bakteria wa utumbo wanaweza kuonyesha mapema nani atapata nafuu. Hapo nina shaka, na shaka yangu inatoka Tanzania. Wahadza wa Ziwa Eyasi walipopimwa choo, matokeo ya 2014 yalionyesha watu wazima wasio na bifidobakteria, bakteria wanaosifiwa sana Ulaya, na bado watu hao wana afya njema. Basi kipimo cha Milwaukee hakiwezi kumhukumu mtoto aliyekulia bukari na sombe. Choo cha watoto wetu nacho kichunguzwe.

Flagyl isiyo na sababu huua hata bakteria wema. Mzazi, kabla ya kuinunua tena, peleka choo labo kingali na joto: amiba hai huonekana ikitembea kikipimwa ndani ya nusu saa. Ukiona damu, homa, kukonda, au maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.