Masanga Ikikukazia, Usitupe Gitaa

Kuna ngoma ukiiskiza mara ya kwanza unadhani ni wasee wawili wanachapa. Mmoja ako chini kwa besi, mwingine ako juu na melodi, na wameshikana ile mbaya. Kisha unaambiwa ni msee mmoja, gitaa moja, vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba na kile cha shahada. Ngoma inaitwa Masanga. Msee ni Mwenda Jean Bosco, boy wa Bunkeya huko Katanga, Congo. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka wa 1952 Jadotville, mji wenye siku hizi unaitwa Likasi, na tangu hapo hiyo ngoma imetesa vidole za watu mob sana.

Kama umechoka na zile kodi nne za kila ngoma na ukaamua kusaka kitu iko na mwili, najua venye ilienda. Uliskia Masanga ukasema hii lazima niishike. Siku za kwanza zilikuwa freshi. Gumba ilitembea, C ilitoka safi, ukatumia beste yako voice note. Kisha ukaleta kidole cha juu na kila kitu ikamwagika. Gumba ikaanza kufuata kidole. Ukapunguza spidi, bado. Ukaongeza, noma zaidi. Saa hii gitaa iko nyuma ya mlango wa keja, na ukiipita unaangalia kando kwa hasira.

Hiyo hasira wasee wengi wanaisoma vibaya, na inaniuma juu imefanya watu wakali waache muziki mapema. Wanadhani mwili inawaambia hawana talanta. Zi. Cheki venye inakujanga. Haikujangi siku ya kwanza, juu siku ya kwanza huskii makosa yako. Unafurahia tu nyuzi zikilia. Inakuja baada ya kuskiza ngoma hadi umeijua, hadi unaivumisha ndani ya mathree simu ikiwa mfukoni. Masikio zako zimeshafika. Vidole ndio bado ziko njiani, na moto inawaka hapo katikati. Msee mwenye haskii tofauti kati ya kenye anachapa na kenye Bosco alichapa hawezi kasirika. Ukikasirika, kazi ngumu ya kuskia umeshaifanya. Imebaki kazi ya mkono, na kazi ya mkono iko na njia.

Tuanze na gumba, juu hapo ndio vita iko. Kwa ngoma mob za siku hizi mkono wa kulia unapanda na kushuka, vidole zote zinafuata mwendo mmoja. Kwa Masanga gumba iko na maisha yake. Inashikilia nyuzi za besi kwa pigo la kudumu, haijali kenye kinaendelea juu. Kidole cha shahada nacho kinachomoa melodi kwa nyuzi nyembamba, na saa mingi kinaingia katikati ya mapigo ya gumba, pale penye hukutarajia. Ubongo haupendi hiyo mambo. Jaribu kuzungusha mguu wa kulia vile mishale ya saa inaenda, huku unaandika sita hewani na mkono wa kulia, uone venye mguu unageuka. Hakuna mtu amezaliwa na mguu mjinga. Viungo zimezoea kusonga pamoja, na kuzitenganisha inachukua muda.

So achana na melodi kwanza. Shika umbo la C na mkono wa kushoto, uache gumba itembee uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne. Hiyo tu. Inaboesha, najua, na ndio maana watu wanairuka. Lakini endelea hadi mathe aingie, mbonge stori ya kenye mtadishi jioni, na gumba haijasimama. Ikisimama ukiongea, bado unaifikiria, na juu ya kitu unafikiria huwezi ongeza kitu ingine. Ikiendelea yenyewe, sasa leta noti moja ya juu. Moja, si mstari mzima. Hiyo noti ikikaa poa, leta ya pili. Kuna video zinakuahidi Masanga kwa dakika kumi, na mimi naona zinaumiza watu. Msee anamaliza dakika kumi, haiwezi, anaamini shida ni yeye.

Kitu ingine ya kuangalia ni viungo za ngoma. Kipande cha kwanza unakijua. Cha pili unakijua. Unaanguka pale katikati, mkono wa kushoto ukitoka umbo moja kwenda ingine. Na ukianguka unafanya nini? Unarudi mwanzo kabisa. Hapo ndio unajimaliza. Mwanzo umechapwa mara mob hadi umekuwa mtamu, na pale penye shida iko unapitia mara moja tu kila raundi, na presha, ukijua unaenda kuanguka. Hiyo ni kuzoesha vidole kuanguka. Wacha mwanzo upumzike. Chukua noti mbili za mwisho za upande huu na mbili za kwanza za upande ule, ufanye hizo nne ngoma yako ya leo. Chapa polepole hadi mabega yashuke. Ukiona umekaza taya au umeshikilia pumzi, spidi bado iko juu, hata kama noti zinatoka.

Na spidi, mazee. Wasee wanaionea aibu spidi ya chini. YouTube iko na ile seti ya kupunguza hadi 0.5 bila kushusha sauti ya noti, itumie bila haya. Apu ya metronomu pia iko poa. Lakini hapa kwetu Kenya kuna kitu naamini ni kali kuliko apu, na imekuwepo kabla wazazi wetu: chupa ya soda.

Ngoma za Bosco zilifika Nairobi mapema, na yeye mwenyewe akakam mwisho wa miaka ya 1950. Magharibi mwa Kenya wasee wa gitaa kavu nao walikuwa na moto yao, staili yenye inaitwa omutibo. Jina kubwa hapo ni George Mukabi, mwenye alidedi mwaka wa 1963 akiwa bado kijana. Mukabi pia alikuwa msee wa gumba na shahada. Na ukiskiza rekodi za omutibo, kando ya gitaa kuna kitu inalia ting-ting-ting bila kuchoka. Ni chupa ya Fanta ya kioo, ile iko na mistari, inachapwa na chuma kidogo. Bajeti ya ngoma mzima ilikuwa gitaa na chupa.

Sasa saka beste yako mmoja, hata kama hajui muziki. Mpe chupa na kijiko. Kazi yake ni kuchapa sawa na kutosimama. Hii inabadilisha mambo mob kwa mara moja. Kwanza, unaskia pigo liko wapi, na kwa Masanga hiyo si kitu kidogo, juu melodi inaweza kukudanganya uanze kuhesabu pahali si yake, kisha kila kitu inaonekana imepinda. Pili, mwenye ameshika chupa anaskia ukianza kukimbia. Anakuangalia tu na unajua. Tatu, na hii ndio naipenda zaidi, hasira ya keja ukiwa solo na hasira ya watu wawili hazifanani. Ukiwa solo, kosa moja inakuwa kesi. Mkiwa wawili mnacheka, chupa inaendelea, unadandia raundi yenye inakuja. Na kudandia tena bila kusimamisha ngoma ni skili ya maana, juu kwa stage hakuna mtu atakungoja urudi mwanzo.

Kabla ujilaumu, cheki pia gitaa yenyewe. Gitaa mob za bei ya chini zinatoka dukani nyuzi zikiwa juu sana kutoka kwa shingo. Unafinya hadi kidole kinakuwa cheupe na noti bado inatoa mvumo. Hapo hata Bosco angesumbuka. Peleka kwa fundi ashushe nyuzi, na ukibadilisha chukua zile nyembamba za 10 badala ya 12. Ngozi ya ncha za vidole itakuwa ngumu yenyewe baada ya wiki chache, hiyo ni maumivu ya kawaida. Maumivu ya ndani ya kifundo cha mkono au yenye yanapanda hadi kwa kiwiko ni stori ingine: weka gitaa chini, pumzisha mkono, na yakikataa kuisha ona daktari.

Cheki pia kama wewe na rekodi mko pamoja. Hizo rekodi za zamani zilipitia mashine mob, na wachapaji wengi walikuwa wanatumia kapo, so unaweza kuwa umechuni gitaa yako sawa kabisa na bado ukisimama na Bosco mnapishana. Masikio yanakwambia umekosea, vidole zinasema ziko sawa, na wewe katikati unanoki. Sogeza kapo au chuni upya hadi C yako ikae juu ya yake. Kuna watu hasira yao yote iliisha hapo.

Halafu kuna saa ya kuacha. Wasee wa hasira wanakazananga masaa matatu Jumapili, kisha hawagusi gitaa hadi Jumapili ingine. Dakika ishirini kila siku zinaenda mbali kuliko hiyo. Ubongo unaendelea kupanga kazi ya mikono ukiwa umelala, ndio maana kuna asubuhi unashika gitaa na pale penye palikukatalia jana pamefunguka, na hujui nani alikusaidia. Lakini ukilala baada ya kurudia kosa ukiwa na hasira, na kosa pia umelipatia mazoezi. Kwa hivyo ukiona umechapa makosa matatu mfululizo na moto inapanda, shuka hadi spidi yenye unaweza, chapa hizo noti nne safi mara moja, na uache hapo. Enda udoz ukiwa umemaliza na kitu iko sawa.

Na usiingie mtego wa kujipima na yule msee wa TikTok anachapa bila kuangalia mkono. Kuna mwingereza anaitwa John Low, mwenye alikuwa mchapaji wa gitaa tayari, na bado mwaka wa 1979 alifunga safari hadi Shaba, venye Katanga ilikuwa inaitwa wakati huo, kusaka Bosco mwenyewe na kujifunza kwake. Safari yote hiyo juu ya hizi staili. Kama msee anaweza kuvuka bara kutafuta majibu ya gumba moja, wewe kuchukua miezi nayo si shida.

Kitu ya mwisho, na hii iliniondolea mzigo mkubwa nikiijua. Mtafiti wa muziki David Rycroft alikaa chini akaandika ngoma za Bosco noti kwa noti, kazi yenye ilitoka kwa jarida la African Music miaka ya 1961 na 1962. Kichwa chake kinaziita improvaizesheni. Bosco alikuwa na mzunguko, na ndani ya mzunguko alikuwa anabadilisha, anaongeza, anapunguza. Ile rekodi umekuwa ukipigania kila noti yake ni kenye alichapa siku hiyo, 1952, mbele ya maiki ya Tracey. So usingoje kuinakili mzima ndio uanze kuifurahia. Shika mzunguko mmoja, uwe safi, uuzungushe dakika tano na mtu wa chupa akiwa hapo. Kisha badilisha noti moja ya juu. Ikikubali, badilisha ingine. Na ukishaizoea, Mukabi anakungoja na Sengula Nakupenda, na hiyo gumba yake itakupeleka mbio upya kabisa.