Tanzia Isiyotaja Wimbo: Namna Tunavyowakumbuka Wasanii Waliotangulia Mbele ya Haki

Utangulizi

Asubuhi moja, nikiwa nyumbani Sotik kwa likizo, nilisikia redioni tangazo la kifo cha mzee niliyemjua tangu utotoni. Tangazo lilimtaja mjane wake, wanawe, wakwe na wajukuu. Lilitaja siku ya mazishi na mahali. Marehemu mwenyewe alitajwa kuwa mkulima wa chai. Yote hayo yalikuwa kweli. Hata hivyo, sisi tuliokulia kijijini mle tulimjua kwa jambo jingine: alikuwa mpigaji wa chepkong', kinubi cha Wakipsigis, na hapakuwa na sherehe iliyokamilika bila yeye. Nilikuwa nimemwahidi kwamba ningemjia na kinasa sauti katika likizo ijayo. Likizo tatu zilipita. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii matumbo yaliyoumia si yangu peke yangu.

Tarehe 28 Mei 2025 Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki dunia nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 87. Magazeti ya dunia nzima yaliandika juu yake kurasa kwa kurasa. Nilipokuwa nikizisoma kurasa hizo, nilijiuliza: je, kuna tofauti gani kati ya tanzia ya mwandishi maarufu na ile ya mzee wetu, mbali na urefu? Je, wingi wa maneno ndio kumbukumbu?

Makala haya yanakusudia kueleza namna tunavyowakumbuka wasanii wetu waliofariki karibuni, katika fasihi na katika muziki. Hoja yetu ni moja: tanzia zetu humlilia mtu vizuri, lakini mara nyingi huisahau kazi yake, na kazi isiyotajwa kwa jina lake hufa kifo cha pili.

Maana ya Istilahi

Kiswahili kina istilahi kadhaa zinazohusu kifo, na ni vyema kuzitenganisha. Rambirambi ni maneno au mchango wa kuwafariji waliofiwa. Mlengwa wake ni walio hai. Tanzia ni habari ya kifo. Neno hili limetokana na Kiarabu, ambako asili yake ni kuliwaza, na wataalamu wa fasihi wamelitumia pia kwa maana ya mchezo wa kuigiza wenye mwisho wa huzuni. Mbolezi ni nyimbo zinazoimbwa wakati wa maombolezo. Taabini ni hotuba au maandishi ya kumsifu marehemu na kueleza maisha yake.

Kila utanzu katika hizi una kazi yake. Tanzia hutangaza, rambirambi hufariji, mbolezi hulia. Kazi ya kuhifadhi imeachiwa taabini. Kwa hiyo, taabini isiyohifadhi chochote ni rambirambi iliyorefushwa.

Jambo hili si geni katika mila zetu. Kwa Wakipsigis, mtoto anapozaliwa, wanawake wazee huyataja majina ya wahenga wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililotajwa wakati huo ndilo huwa lake, na inaaminika kuwa mhenga amerudi. Mzazi anayesahau kulitaja jina fulani hulifungia mlango. Msingi wa desturi hii ni kwamba aliyekufa hudumu kwa kutajwa, tena kwa sauti, mbele ya mashahidi. Ndivyo ilivyo kwa riwaya, shairi na wimbo.

Waandishi: Kifo Kinapoifunika Kazi

Mwaka 2020 ulikuwa mwaka mzito kwa fasihi ya Kiswahili. Mnamo Januari tulimpoteza Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Miezi mitatu baadaye, tarehe 10 Aprili, Ken Walibora alifariki baada ya kugongwa na matatu jijini Nairobi. Jamaa na marafiki walimtafuta kwa siku kadhaa kabla ya mwili wake kutambuliwa katika hifadhi ya maiti. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya masharti ya kuzuia korona, na mazishi yaliruhusiwa watu wachache tu.

Wengi wetu tuliokuwa wanafunzi wakati huo tunakumbuka mazungumzo ya majuma yale. Tulizungumzia barabara, saa, gari na hospitali. Maswali hayo yalikuwa halali, kwa kuwa haki ya marehemu ni haki. Hata hivyo, katika mabishano hayo, Kongowea Mswahili alitajwa na wachache. Huyu ndiye mhusika mkuu wa Siku Njema, riwaya iliyochapishwa mwaka 1996, anayesafiri kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Safari hiyo inaunganisha pwani na bara ndani ya sentensi za Kiswahili, na kwa mtoto wa Sotik aliyeambiwa kwamba Kiswahili fasaha ni mali ya watu wa pwani, ilikuwa ruhusa ya kuandika. Kidagaa Kimemwozea, riwaya iliyotahiniwa katika shule za sekondari nchini Kenya, ilitufunza pia kuuchunguza uongozi mbaya. Taabini ya Walibora isiyotueleza hayo inatuachia ajali tu.

Kwa Kezilahabi tatizo ni jingine. Kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, taabini nyingi huondoa mabishano yote katika maisha ya mwandishi. Lakini Kezilahabi bila mabishano si Kezilahabi. Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Diwani yake ya Kichomi, ya mwaka 1974, ilikuwa na mashairi yasiyofuata vina na mizani, nayo ikawa kiini cha mgogoro mkubwa kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Wako waliosema kwamba hayo hayakuwa mashairi kabisa. Kuyasema haya leo si kumvunjia heshima. Mwandishi aliyebishaniwa kwa miaka mingi ameheshimiwa kuliko yule aliyesifiwa siku moja na kufunikwa.

Tukirudi kwa Ngũgĩ, tunakuta funzo la tatu. Wanafunzi wengi wa Kiswahili walidhani kuwa msiba ule ni wa idara ya Kiingereza au wa wasomaji wa Gĩkũyũ. Ukweli ni kwamba kazi zake zimo katika maktaba zetu kwa Kiswahili: Usilie Mpenzi Wangu, Njia Panda, Shetani Msalabani, Nitaolewa Nikipenda. Mzalendo Kimathi ni tafsiri ya tamthilia aliyoiandika pamoja na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ambaye naye alitutoka Juni 2023. Nyuma ya kila tafsiri kuna mfasiri, na wafasiri hawa hawatajwi hata siku ya kifo cha mwandishi. Taabini ya Ngũgĩ katika jarida la Kiswahili ingepaswa kuanzia hapo.

Wanamuziki wa Nchi ya Chai

Kwetu Kericho na Bomet, msanii anayejulikana zaidi si mwandishi bali mwimbaji. Mji wa Kericho ulikuwa na duka na studio ya Chandarana, ambako nyimbo nyingi za benga na za Kikalenjin zilirekodiwa na kutolewa katika sahani za santuri. Kipchamba arap Tapotuk, kiongozi wa bendi ya Koilong'et, alifariki mwaka 2007, na hadi leo nyimbo zake hupigwa katika vituo vya redio vinavyotangaza kwa Kikalenjin. Watu huzijua kwa moyo. Lakini ukiwauliza ni mwaka gani wimbo fulani ulirekodiwa, au ni nani aliyepiga gitaa la pili, hupati jibu. Sauti imehifadhiwa bila cheti chake cha kuzaliwa.

Hali ya Diana Chemutai Musila, aliyejulikana zaidi kwa jina la Chelele, inasikitisha zaidi. Aliuawa Julai 2013, kaunti ya Bomet, akiwa angali kijana. Ukatili wa kifo chake uliitikisa nchi. Kinachouma ni kwamba nje ya eneo letu wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza siku hiyo, na hawakulisikia kwa namna nyingine tena. Mwanamke aliyejenga jina lake jukwaani, katika fani iliyotawaliwa na wanaume, amebaki katika kumbukumbu za taifa kama maiti. Kumkumbuka kwa haki ni kuanza na nyimbo, halafu kifo, wala si kinyume chake.

Funzo la Kapkatet

Ukiondoka Sotik kuelekea Litein utapita Kapkatet. Ni hapo mwaka 1950 ambapo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, aliwarekodi Wakipsigis wakiimba juu ya kiumbe waliyemwita Chemirocha. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilifika huku kwa sahani za santuri. Rodgers alikuwa amefariki mwaka 1933. Wasichana walioimba hawakuijua sura yake wala nchi yake. Walimfanya nusu mtu, nusu swala, wakamwalika aje acheze.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Sisi tunakiona kuwa maelezo kamili ya kumbukumbu na kasoro zake. Kwa upande mmoja, wasichana hao walimfanyia marehemu wa mbali jambo ambalo tanzia nyingi hazifanyi: waliichukua sauti yake wakatunga kazi mpya. Kwa upande wa pili, walibaki na jina lililogeuka, bila mtu. Nao wenyewe yakawapata yayo hayo. Rekodi inamtaja Chemutoi Ketienya, na wenzake wanaitwa tu wasichana wa Kipsigis. Kwa miongo mingi sauti zao zilisikilizwa ng'ambo, huku nakala zikiwa Afrika Kusini katika maktaba aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Ni katika miaka ya 2010 tu ambapo nakala zilirudishwa Kapkatet, na baadhi ya waliorekodiwa wakakutwa wakiwa wazee. Wangapi walikuwa wamekwisha kufa bila kujisikia?

Taabini Iweje?

Kutokana na mifano hii, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, taabini itaje majina kwa ukamilifu: ya msanii, ya washirika wake, ya wafasiri na ya wapiga ala. Pili, itaje kazi pamoja na miaka yake, ili msomaji ajue pa kuzitafuta. Tatu, itathmini, iseme kazi ilifaulu wapi, ilipingwa na nani na kwa nini. Nne, na hili ndilo gumu, maandalizi yake yaanze msanii akiwa hai. Maswali muhimu hujibiwa na mwenye kazi, wala mjane hawezi kuulizwa siku ya mazishi mume wake alikaza vipi nyuzi za kinubi.

Huenda msomaji akauliza: je, si kumtakia mzee kifo, kumwendea na maswali kana kwamba tunamwandikia tanzia? Pingamizi hili lina uzito, maana wazee wetu hawapendi kuhesabiwa siku. Jibu letu ni kwamba hatumwendei kwa ajili ya kifo. Tunamwendea kwa ajili ya wimbo, na mzee anayeulizwa habari za wimbo wake hufurahi.

Hitimisho

Baada ya mazishi ya jirani yetu nilimwendea mjane wake. Alinionyesha chepkong' ukutani, nyuzi mbili zimekatika. Nilimwomba anitajie nyimbo alizozikumbuka. Alitaja sita, akaziimba vipande vipande, akicheka pale aliposahau. Niliandika majina ya nyimbo, majina ya waliokuwa wakiitikia, na sherehe ambazo ziliimbwa kwanza. Wawili kati ya waitikiaji wangali hai, mmoja wao karibu na kituo cha majani chai ninachokipita kila nikienda mjini.

Kurasa nne za daftari si kinubi. Ila sasa tanzia ya mzee yule ina nyimbo sita. Wanachama wenzangu wa chama hiki wanatoka katika kila pembe ya nchi, na kila mmoja ana mzee wa namna hii nyumbani. Likizo inakaribia. Tuondoke na madaftari.