Watoto Watatu, Meza Moja: Kuchagua Vitabu vya Lugha Nyumbani

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wazazi wengi wa huku Umoja, Kayole na Dandora tulijikuta walimu bila kupanga. Shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021, lakini kuna waliobaki na kazi hiyo: karo imekwama, au mtoto yuko nyuma, au mzazi ameamua tu. Swali tunaloulizwa sana ni hili: nina watoto watatu, wa miaka sita, tisa na kumi na miwili, ninunue vitabu gani vya Kiswahili na Kiingereza?

Tunasema: usinunue chochote kwanza. Sisi wenyewe tulikosea hapo. Katika kikundi chetu tulichanga pesa tukanunua vitabu kwa kufuata umri. Wiki sita baadaye tukagundua kijana mmoja wa miaka tisa hajui kusoma kabisa. Alikuwa akimsikiliza dadake, anashika kichwani, kisha "anasoma" ukurasa mzima bila kukosa. Tulipofunika picha kwa karatasi na kumwonyesha neno moja katikati ya mstari, akanyamaza. Na kitabu chake cha mazoezi kilikuwa kimejaa alama za vyema, tulizotia kwa mkono wetu!

Kwa hivyo mpime kila mtoto peke yake, wenzake wakiwa nje. Mpe ukurasa mfupi ambao hajawahi kuuona. Kila neno linalomshinda, kunja kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho ni kigumu kwake, hata kama jalada linasema ni cha gredi yake. Shuka chini mpaka upate anachokiweza.

Ukishawapima utaona kwamba kitu kimoja tu kinahitaji kila mtoto awe na chake: ngazi ya kujua herufi, sauti na silabi. Hapo huwezi kuwachanganya. Lakini hadithi, mazungumzo, imla na insha zinaweza kufanywa pamoja, na hapo ndipo pesa zinaokolewa. Jioni moja tulisoma kwa sauti hadithi ya mama mboga aliyenyeshewa. Wa miaka sita alichora na kuandika neno "mvua". Wa tisa aliandika sentensi mbili tulizomsomea polepole. Wa kumi na miwili alizigeuza sentensi zile kwa wingi, kisha akaeleza hadithi yote kwa Kiingereza kwa mistari mitano. Kitabu kimoja, dakika arobaini. (Tafadhali, yule mkubwa asigeuzwe mwalimu kila siku. Naye ni mtoto, ana yake ya kusoma.)

Anza na lugha gani? Wazazi wengi hukimbilia Kiingereza. Sisi tunapendelea kumfungulia mtoto mlango wa kusoma kwa Kiswahili, kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake. Akishajua ba, be, bi, bo, bu, halafu mba, nda, nya na ng'a, anaweza kusoma karibu neno lolote. Kiingereza sicho hivyo: herufi "a" ina sauti moja katika "cat", nyingine katika "cake", na nyingine tena katika "ball". Huko mtoto ataenda vizuri zaidi akiwa tayari anajua kwamba herufi hushika sauti.

Ila tusijidanganye ati Kiswahili watoto wetu wanakijua tayari. Wanachoongea huko nje kwenye ploti ni Sheng. Mtoto anasema "kitabu yangu" na "watoto ingine" bila wasiwasi, halafu anashangaa kupata kosa kwenye karatasi. Usimgombeze. Mwambie sema vile unasema na marafiki, sasa tuandike vile kitabu kinaandika: kitabu changu, watoto wengine. Chagua kitabu chenye mazoezi ya ngeli mengi, si ufahamu peke yake.

Kuhusu seti zenyewe: mradi wa Tusome, ulioenezwa nchi nzima kuanzia 2015, ulitoa vitabu vya Kiswahili na Kiingereza kwa madarasa matatu ya chini, na hupanda hatua kwa hatua. Vilikuwa vya shule, haviuzwi; mtu akikuazima, rudisha. Vya kununua, angalia kama vimeidhinishwa na KICD. Kuna pia mtaala wa ACE, ulioanzia Texas, Marekani, mwaka 1970. Mtoto hupimwa kwanza, kisha huenda kwa mwendo wake, na hilo tunalisifu. Lakini vijitabu hujazwa na kuisha, watoto watatu ni seti tatu, na haukutungwa kwa mitihani ya hapa kwetu.

Na mitihani tusiisahau. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na KPSEA ya Gredi ya 6 mtoto huandikishwa kupitia shule. Anayetaka kufundisha nyumbani moja kwa moja aulize kwanza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yake.

Hadithi za kusoma pamoja usinunue. Kuna maktaba ya Buruburu, na zile za Kaloleni na Makadara. African Storybook nao wana hadithi za Kiswahili za bure kwenye intaneti. Saiba watakuchapia kurasa chache.

Yule kijana wetu tulimrudisha kwenye ba, be, bi. Aliona haya, kwa hivyo tulimfundisha asubuhi mapema, kabla wengine hawajaamka. Siku aliposoma jina la matatu kutoka dirishani, aliita nyumba nzima ije kuona.