Ghali Nayo Sharti Ipimwe

"Rahisi ghali," walinena wahenga, nami sina nia ya kuwapinga. Anayenunua jembe hafifu hulinunua mara mbili. Hata hivyo, wapo wengi miongoni mwetu, nami nilikuwa mmoja wao, walioigeuza methali hiyo wakapata nyingine isiyokuwamo katika hazina ya lugha yetu: kwamba kilicho ghali ni bora, na kwa kuwa ni bora hakina haja ya kupimwa. Leo nakusudia kueleza jinsi imani hiyo ilivyonigharimu, na jinsi ilivyowagharimu wengine zaidi yangu.

Mnamo Agosti 2016 nilisafiri hadi Lamu pamoja na wanafunzi wangu wawili wa shahada ya uzamili. Tulikwenda kupiga picha daftari la tenzi lililoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambalo mzee mmoja wa huko alilirithi kwa babu yake. Kwa kazi hiyo tulikuwa tumenunua lenzi mpya ya kupigia picha vitu kwa karibu, kwa zaidi ya shilingi 100,000. Ilikuja katika kisanduku kizuri pamoja na kadi ya dhamana. Naona haya kukiri kwamba kisanduku hicho nilikifungua kwa mara ya kwanza sebuleni mwa mzee huyo.

Chumba kilikuwa na mwanga hafifu, nasi hatukutaka kutumia flashi karibu na karatasi kuukuu. Tukalifungua tundu la lenzi hadi upana wake wa mwisho ili mwanga uingie wa kutosha. Siku ya pili, mmoja wa wanafunzi wangu alizikuza picha kwenye kompyuta, akaniambia, "Mwalimu, upande wa kushoto nukta hazisomeki. Ukurasa huuhuu nimeupiga kwa simu yangu, na zinasomeka." Nikamjibu kwamba karatasi imejikunja. Akaomba tuigeuze kamera juu chini, tuupige ukurasa uleule tena, tuone kama ukungu utahama. Nikamwambia, tena kwa sauti ya mtu mwenye shahada zake, kwamba lenzi ya bei ile haiwezi kushindwa na simu. Tukaendelea hivyo hadi ukurasa wa 184.

Msomaji asiyezijua hati hizo huenda akauliza, nukta ni kitu gani hata ziliziwe? Katika hati za Kiarabu, herufi za sauti b, t, n na y zinapokuwa katikati ya neno huwa na umbo moja, jino dogo tu. Kinachozitenga ni nukta: b ina moja chini, y mbili chini, n moja juu, t mbili juu. Ziondoe nukta, na neno moja litaweza kusomwa kwa njia kadhaa. Isitoshe, katika miswada mingi ya tenzi, vipande vinne vya ubeti huandikwa katika mstari mmoja kutoka kulia kwenda kushoto. Upande wa kushoto, basi, ndimo kilimo kipande cha nne, kile kinachobeba kina kinachouunganisha utenzi wote. Kina kilitusaidia kuijua silabi ya mwisho. Yaliyosalia tulibaki kuyakisia.

Tuliporejea Nairobi na kuanza kunakili, ndipo nilipotambua ukubwa wa kosa. Nilibandika ukurasa wa gazeti ukutani, nikaupiga picha, kisha nikaigeuza kamera juu chini kama nilivyoombwa kule Lamu. Safari hii ukungu uliangukia upande wa pili wa gazeti. Maana yake ni kwamba haukuwa wa karatasi, wala wa ukuta, wala wa mkono wa mpigaji. Ulikuwa ndani ya lenzi. Jaribio hilo lilichukua muda wa dakika kumi. Nilipoirudisha lenzi dukani, nilielezwa kwamba siku za kurudisha bidhaa zilikuwa zimepita.

Nilijituliza kwa kusema kwamba tungerudi Lamu tukapige upya. Fedha za safari zilichelewa. Masika ya mwaka 2018 yakawahi kabla yetu, paa la mzee likavuja, na wino wa daftari ukaenea kama chai iliyomwagika. Mzee hakunung'unika. Alinipigia simu kunishukuru, akisema kwamba sasa daftari lake ni zile picha zetu. Siku hiyo sikuwa na ujasiri wa kumweleza ukweli. Nilimweleza baadaye, ana kwa ana, na kimya chake kilinielemea kuliko lawama yoyote.

Tangu hapo nimejibidiisha kuyaelewa mambo ya lenzi. Lenzi ya kamera si kioo kimoja. Ni msururu wa vioo, aghalabu kumi au zaidi, ambavyo vitovu vyake vyote vinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja. Kimoja kikienda upande au kikiinama kidogo tu, upande mmoja wa picha huwa wazi na upande wa pili hufifia. Hakuna kiwanda kiwezacho kuliondoa tatizo hili kabisa. Kinachoweza kufanya ni kuweka mpaka wa kosa linalovumilika. Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha lenzi ya LensRentals nchini Marekani, amepima nakala nyingi za lenzi za aina mbalimbali na kuonyesha kwamba hata nakala za aina moja hazilingani kabisa. Baadhi ya grafu za ubora zinazochapishwa na watengenezaji, nazo, hukokotolewa kutokana na mchoro wa lenzi, si kutokana na lenzi iliyo mkononi mwako. Kampuni ya Sigma ya Japani ilipozipanga upya safu za lenzi zake mwaka 2012, ilitangaza kwamba kila lenzi ya safu hizo ingepimwa kabla ya kutoka kiwandani. Lau kupima kila moja kungekuwa jambo la kawaida kwa wote, lisingekuwa la kutangazwa.

Wala si maskini wa vifaa peke yao wanaopatwa na masaibu haya. Tarehe 24 Aprili 1990, Marekani ilirusha angani darubini ya Hubble, yenye kioo cha upana wa mita 2.4. Baada ya wiki chache iligunduliwa kwamba picha zake zilikuwa na ukungu. Kioo kilikuwa kimesuguliwa na kampuni ya Perkin-Elmer kwa ustadi wa ajabu, lakini kwa umbo lisilo sahihi: ukingo wake ulikuwa umezidi kuwa bapa kwa maikromita 2.2, takriban sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Lew Allen ilieleza chanzo katika ripoti yake ya Novemba 1990. Ndani ya kifaa kilichotumiwa kukipimia kioo hicho, lenzi moja ilikuwa imewekwa mahali pasipo pake kwa milimita 1.3. Kipimo chenyewe kilikuwa na kosa, na kadiri mafundi walivyokitii ndivyo walivyozidi kukosea.

Lakini lililonichoma moyo katika habari hiyo ni jingine. Vipimo viwili vingine vilikuwa vimeonyesha dalili za kosa kabla ya darubini kuondoka duniani. Vilipuuzwa, kwa kuwa vifaa vyake vilidhaniwa kuwa duni kuliko kile kikuu. Niliposoma maneno hayo nilikumbuka simu ya mwanafunzi wangu. Yeye hakudai kwamba simu yake ni bora kuliko lenzi yangu. Alichosema ni kwamba vifaa viwili vinatoa ushahidi unaopingana, na kwamba ipo njia rahisi ya kuujua ukweli. Huo ndio usomi wenyewe. Mimi nilijibu kwa bei.

Hubble ilipata bahati. Desemba 1993 wanaanga wa chombo cha Endeavour waliifikia huko angani, wakaifunga vioo vidogo vya kusahihisha kosa pamoja na kamera mpya, nayo ikaona. Daftari la Lamu halina wa kulifikia tena. Zipo programu za kompyuta za kunoa picha, nasi tumezijaribu, lakini nukta mbili zilizokwisha kuungana zikawa doa moja haziambiwi zitengane.

Walimu wenzangu watalielewa jambo hili upesi. Mwongozo wa kusahihishia mtihani ukiwa na jibu lisilo sahihi, wasahihishaji kumi watakubaliana barabara, na wote kumi watakuwa wamekosea. Uthabiti wa kipimo si uhalali wake. Kwa sababu hiyo, yeyote anayenunua lenzi, iwe ya chuo, ya shule au ya studio ya mtaani, asitosheke na neno la muuzaji. Aibandike karatasi iliyochapishwa ukutani, aiweke kamera juu ya kigoda cha miguu mitatu, ikabiliane na ukuta sawasawa, kisha alifungue tundu la lenzi kabisa. Apige mara kadhaa, akilenga upya kila mara. Asishtuke pembe zikififia kidogo kuliko katikati, kwani ndivyo zilivyo lenzi nyingi. Alinganishe kushoto na kulia, juu na chini. Upande mmoja ukiwa hafifu kuliko mwenzake, aigeuze kamera juu chini arudie. Na yote hayo ayafanye siku ileile ya kununua, risiti ikiwa ingali mfukoni, kabla ya kwenda kupiga picha ya kitu kisichoweza kupigwa tena.

Mwanafunzi wangu yule sasa ni mhadhiri. Katika kitabu cha nakala za utenzi tulichokihifadhi chuoni, kila neno tulilolikisia tumelizungushia mabano, kwa ushauri wake, ili msomaji wa kesho asidanganyike. Mabano hayo ni mengi mno. Wahenga walituonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa mkuu, na guu langu lilivunjika kwa kutosikia la mdogo.