Hewa Baridi Ipoteayo Darini

Nyumba nyingi za Marekani hazipozwi kwa kiyoyozi kitundikwacho ukutani, kama ilivyo kawaida majumbani huko Dar es Salaam na Mombasa, bali kwa mtambo mmoja uhudumiao nyumba nzima. Mtambo huo huvuta hewa ya vyumbani kwa mfereji wa kurudishia, huipitisha katika chujio na juu ya koili baridi, kisha feni huisukuma kwenye mifereji ya kugawia mpaka kila chumba. Mifereji hiyo hutengenezwa kwa bati, au kwa plastiki laini iliyozungushiwa sufi ya kioo. Mara nyingi hupitishwa darini, chini ya paa, ambako alasiri ya kiangazi jotoridi laweza kuzidi nyuzi 50 za Selsiasi. Ni vigumu kufikiria mahali pabaya zaidi pa kupitishia hewa baridi. Lakini huko ndiko kwenye nafasi, na fundi hufuata nafasi.

Maungio ya mifereji hulegea, bati hutanuka na kusinyaa, na pengine fundi mwenyewe hakuyafunga vema tangu mwanzo. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo hukadiria kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa ipitayo katika mifereji hupotea kwa kuvuja.

Hasara hiyo yaweza kupigiwa hesabu darasani. Tuseme mtambo husukuma mita za ujazo 0.5 za hewa kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ya hewa ina tungamo la kilogramu 1.2 hivi, na kilogramu moja huhitaji takriban kilojuli 1 ili jotoridi lake lipande kwa nyuzi 1. Ikiwa asilimia 20 ya hewa huvujia darini, kilogramu 0.12 hupotea kila sekunde. Hewa hiyo ilipozwa kutoka nyuzi 25 hadi 13. Kwa hiyo nguvu ipoteayo ni 0.12 × 12 × 1, yaani kilowati 1.44. Sasa tuchukue tundu lililo upande wa kurudishia. Hapo hewa haitoki bali huingia, na iingiayo ni ile ya darini yenye nyuzi 55. Hata kama ni asilimia 5 tu ya hewa yote, mtambo hubebeshwa mzigo wa ziada wa 0.03 × 30 × 1, yaani kilowati 0.9. Uvujaji huu ni robo tu ya ule wa kwanza kwa ujazo, lakini hasara yake yapita nusu. Isitoshe, huleta vumbi na, katika majimbo yenye unyevu kama Florida, mvuke mwingi ambao koili hulazimika kuutoa.

Lakini fedha si jambo kubwa kuliko yote. Nyumba nyingi zina chombo cha kuchemshia maji kwa gesi, na moshi wake hupanda katika dohani kwa sababu tu hewa ya moto ni nyepesi. Nguvu hiyo ya kupanda ni ndogo mno. Kanieneo la paskali 5 ni sawa na lile la tabaka la maji lenye kina cha nusu milimita! Ikiwa mfereji wa kurudishia una tundu katika chumba kidogo kilicho na chombo hicho, feni yaweza kupunguza kanieneo la chumba kwa kiasi hicho au zaidi, na moshi ukarudi chini badala ya kupanda. Pamoja na moshi huweza kuja monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu na kuizuia kubeba oksijeni. Watu huweza kufa usingizini.

Kutafuta matundu huanza kwa macho. Mfereji uliochomoka kabisa si jambo la ajabu. Chumba kimoja hukosa ubaridi kwa miaka huku dari ikifaidi. Sufi ya kioo iliyopata weusi ni dalili nyingine, kwani imekuwa ikichuja vumbi la hewa ipitayo. Baada ya hapo feni huwashwa, na kijiti cha udi kiwakacho husogezwa polepole kwenye kila ungio: moshi ukipeperushwa, hewa yatoka, ukinyonywa, hewa yaingia. Mafundi wenye vifaa huziba matundu yote ya vyumbani kwa karatasi, kisha huunganisha feni yenye kipimo na kusukuma hewa hadi kanieneo ndani ya mifereji lifike paskali 25. Kwa kuwa hewa haina pengine pa kutokea, kiasi ambacho feni hulazimika kuendelea kusukuma ndicho kiasi kivujacho.

Katika kuziba, maungio hukazwa kwanza kwa skrubu au mikanda, maana gundi si kazi yake kubeba uzito. Kisha hupakwa kwa brashi gundi nzito ifananayo na uji, ambayo hukauka ikabaki na unyumbufu. Mwanya mpana kuliko milimita 6 hivi hufunikwa kwanza kwa wavu wa nyuzi za kioo. Utepe wenye mgongo wa karatasi ya alumini wafaa pia. Utepe wa kitambaa wenye gundi ya mpira, ambao kwa Kiingereza hubeba jina la mifereji hii hii, ndio usiofaa. Mnamo 1998 Max Sherman na Iain Walker, wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley huko California, walieleza matokeo ya kujaribu vizibio mbalimbali kwa kuvipitishia joto na baridi kwa zamu; utepe huo ndio ulioshindwa vibaya.

Katika maabara hiyo hiyo, miaka ya 1990, Mark Modera alibuni njia ya kuziba matundu yasiyofikiwa kwa mkono. Chembe ndogo sana za gundi hupulizwa ndani ya mifereji iliyozibwa vyumbani. Hewa ikifika penye ufa hukata kona ghafla ili itoke. Chembe, kwa kuwa ina tungamo kubwa zaidi, huelekea kuendelea mbele kama sheria ya kwanza ya Newton isemavyo, ikagonga ukingo wa ufa na kunata. Chembe hurundikana hivyo mpaka ufa ufungwe.

Kazi ikiisha, kipimo cha paskali 25 hurudiwa. Kisha madirisha hufungwa, feni zote za nyumba huwashwa pamoja, na kijiti cha udi hushikwa kwenye mdomo wa dohani ya chombo cha gesi, kuona moshi waelekea wapi.